Kiti cha Safu ya Tatu

Nilikisikia kabla sijakiona. Nilikuwa nje ya uzio wa mabati pale Sakina, nasubiri mama mmoja animenyee chungwa, niliposikia mkanda ukivutwa, komeo likifyatuka, kisha mgongo wa kiti ukaanguka mbele: taka! Halafu ile pumzi ndefu ya sponji inayobanwa. Mara moja tu, na magari ya barabara ya Nairobi yakaifunika. Lakini mkono wangu ulishabaki hewani, na yule mama akaniuliza, "Dada, chungwa hulitaki?"

Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka ishirini na mbili. Baba hakuwahi tena kukikunja kiti cha nyuma cha gari letu, na watu wa kwetu mlimani walijifunza kutomwomba.

Niliingia uwanjani. Gari letu la kijani lilikuwa limesimama katikati ya magari mengine ya kuuzwa, limeoshwa mpaka likaonekana kama la mtu mwingine. Macho ya baba yamekwisha; daktari alimwambia aachane na usukani, na mtu aliyeendesha maisha yake yote haambiwi jambo hilo mara moja akasikia. Mnunuzi, kijana muuza karoti kutoka Ngaramtoni anayeitwa Elibariki, alikuwa nyuma akipima kwa mikono kama makreti yake yataenea. Baba alikuwa mbele, akitoa vitu kwenye droo ya dashibodi kwa kupapasa. Tochi. Kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Kadi ya gari. Kisha kijiko cha chai chenye maua mpinini, shingo yake imepinda. Hicho hakukiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vingine. Alikisukuma haraka kwenye mfuko wa shati, kama mtu anayeficha sigara.

Nilijifanya sijaona. Chungwa likanishinda.

Baba aliendesha magari ya watu kabla hajawa na lake. Alipeleka watalii mbugani, akarudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi, na kila aliporudi alisema siku moja atanunua gari lenye safu tatu za viti, ili siku ya Krismasi asiwepo mtu wa kwetu atakayebaki kwa kukosa nafasi. Alilifuata Dar es Salaam, likiwa limeshuka melini kutoka Japani, na siku alipolipandisha mlimani sisi watoto tulikimbia mbele yake tukifukuza kuku njiani.

Koko, bibi yangu mzaa baba, alitoka na kibuyu cha maziwa na kishada cha majani mabichi. Alichovya majani, akanyunyizia tairi moja baada ya jingine, kisha akatema mate kidogo kwenye boneti, ile baraka ya wazee wetu. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alitazama pembeni, kwenye migomba, mpaka yote yakaisha.

Kisha akaliwasha, na ndani ya gari mwanamke akasema kitu.

Sote tuliganda. Ilikuwa sauti nyororo, ya mtu aliyelelewa vizuri, na haikuwa lugha ya mtu yeyote tuliyemjua.

"Nani huyo?" Koko akauliza.

"Ni gari, Yeyo," baba akasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa. "Linaongea Kijapani. Kila likiwashwa linaongea."

"Linasema nini?"

"Sijui. Labda linasalimia."

"Basi lijibiwe! Mgeni anasalimia mnamkodolea macho?"

Mama yangu, ambaye hakuwahi kuiacha nafasi ya kuchekesha watu ipite, alifuta mikono kwenye kanga, akainama dirishani na kusema kwa sauti ya mkwe, "Marahaba, mwanangu. Karibu mlimani. Kwenu hawajambo?" Baba Lazaro, jirani yetu, alicheka mpaka akashika mti. Tangu siku hiyo gari halikuwashwa mama akiwemo bila kuitikiwa. Hata tukienda kanisani tumechelewa, hata akiwa amenuna. Sauti ikisema, mama anasema, "Marahaba," ndipo tunaondoka.

Mbele alikaa baba, na Koko kando yake akiwa ameshika mkanda wa usalama kwa mikono miwili, kwa sababu hakuamini kuwa unaweza kushika wenyewe. Safu ya kati ilikuwa ya mama na wageni. Safu ya tatu ilikuwa yangu. Nilipiga magoti kwenye kiti nikitazama kioo cha nyuma, pua yangu ikiacha duara la mvuke. Wengine wote ndani ya gari waliona tunakokwenda. Mimi niliona tulikotoka: nyumba ikizama kwenye kahawa, mbwa akikata tamaa ya kutufuata, na mlima Meru ukija nyuma yetu bila kusogea. Kiti kilinukia sabuni ya watu wa mbali, na baadaye viatu vya mpira, vitunguu, mvua.

Lakini gari kubwa mlimani si la mwenye gari. Hodi zilianza wiki ile ile. Wakija kwa sababu ya harusi au kipaimara, sikuona ubaya. Wakija kwa sababu ya mgonjwa, baba alizunguka nyuma, akafungua mlango, akavuta mkanda mwekundu, na kiti changu kikaanguka. Taka! Kisha godoro likaingizwa.

Nilianza kuwahesabu. Mzee Melita, aliyenipa miwa, aliingizwa amelala, na hakurudi. Paulina wa kwaya aliingizwa amelala, shuka mpaka kidevuni, akanipungia kidole kimoja. Wiki iliyofuata gari lile lile lilimrudisha ndani ya sanduku, na kiti changu kilikuwa chini ya sanduku hilo. Ila wanawake waliokwenda kujifungua walikaa safu ya kati wakiguna na kumtukana baba kwa kila shimo, na wote walirudi, wengine wakiwa wawili. Baba Lazaro aliyekatwa na panga mguuni alikaa, akarudi.

Nilikuwa na miaka minane. Hakuna aliyenifundisha jambo hili; niliona mwenyewe na nikajivunia kuona. Aliyekaa hurudi. Kiti kikikunjwa, mtu harudi. Sikufikiria kwamba waliolazwa walilazwa kwa kuwa tayari walikuwa wanakwenda. Kwangu mimi kazi hiyo ilifanywa na kiti.

Ugonjwa wa mama ulianzia miguuni. Viatu vya kanisani vilikataa kuingia, akavaa ndala akasema ni mtindo mpya wa mjini. Kisha pumzi. Aliacha kuimba akipika, halafu akaacha kuongea akipika. Usiku alikuwa na mto mmoja, ikawa miwili, kisha nikamkuta asubuhi amelala ameketi, mgongo ukutani, mdomo wazi, kama abiria aliyesinzia. Wakubwa waliongea jikoni. Nilikuwa nje ya mlango nikichambua maharage, nikamsikia Baba Lazaro akisema, "Mpeleke mjini kesho kutwa, mvua ikipungua. Tutamlaza nyuma, atulie."

Tutamlaza nyuma.

Mama alikuwa na vijiko sita vya wageni, vyenye maua mpinini, alivyoviweka kwenye sinia chini ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Nilichukua kimoja. Nilipanda garini wakati baba akiwa shambani, nikaingiza mkono kwenye ule ufa mwembamba pembeni mwa kiti ambamo komeo hukaa, mkono ambao ulikuwa bado mdogo wa kutosha, nikakisukuma kijiko nyuma ya chuma mpaka kikapinda na kukaa. Nilivuta mkanda mwekundu. Kiti hakikutikisika. Nilihisi nguvu ambayo sijaihisi tena maishani.

Jioni ile ile mama akavihesabu. Hata akiwa mgonjwa alivihesabu.

"Nasieku, kijiko cha sita kiko wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui." Alipumzika kidogo. "Labda kimeenda na maganda. Kesho ukakitafute jalalani. Vijiko vitano si vijiko, ni aibu."

Asubuhi ya safari njia ilikuwa matope matupu. Baba alizunguka nyuma, akavuta mkanda. Akavuta tena kwa mikono miwili, mguu kwenye bampa.

"Kimegoma."

"Nipishe," Baba Lazaro akasema, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Hiki kiti kina nini?"

"Juzi kilikunjika!" Baba alikipiga teke. Sikuwahi kumwona akipiga kitu. "Juzi tu kilikunjika, mshenzi huyu!"

Nilisimama kando ya Koko, nikiwa nimeikamata kanga yake kwa hofu na furaha.

"Acheni kugombana na kiti," mama akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ameegemea fremu, amejifunga kitambaa cheupe. "Mimi si gunia la viazi. Nitakaa."

Akakaa. Safu ya kati, Koko upande huu akimkumbatia, mito upande ule. Baba akawasha gari, yule mwanamke wa Kijapani akasema yake, na sote tukanyamaza kumsubiri mama. Alilimeza neno, akalitoa vipande viwili.

"Mara... haba."

Halafu akaniita kwa kidole hadi dirishani. Mkono wake ulinukia mchaichai. "Kijiko," akasema. "Nikirudi nikute sita."

Nilicheka. Alikuwa amekaa, basi angerudi. Nililitazama gari likiteleza na kunyooka, likiteleza na kunyooka, mpaka kwenye kona yenye miti mirefu, na kwa mara ya kwanza sikuwa kwenye kioo cha nyuma. Nilikuwa ndicho kitu kinachoachwa.

Alikaa hospitalini siku kumi na moja. Koko alibaki naye. Baba alishuka kila asubuhi na chupa ya uji na kurudi jioni na chupa tupu, na chupa tupu ilikuwa habari njema. Mimi niliviosha vile vijiko vitano kila siku kwa jivu mpaka maua yakaanza kufifia. Nilikuwa nimejitega mwenyewe. Nikikitoa kijiko, kiti kitakunjika. Nisipokitoa, mama atakuta vitano. Niliamua kwamba nitasubiri mpaka gari lionekane kwenye kona akiwa ndani amekaa. Hapo nitakimbia, nikitoe, nikioshe, nikiweke kwenye sinia kabla hajafika mlangoni. Nilifanya mazoezi. Nilijua ni hatua ngapi.

Siku ya kumi na mbili gari lilipanda saa tatu asubuhi, na baba hupanda jioni. Nilisikia gia nzito kabla halijafika konani. Nilitoka mbio. Koko alikuwa mbele, amevua lemba. Safu ya kati ilikuwa na mito peke yake.

Hakuna aliyeniambia. Wanaume walikuwa wanatoka kwenye migomba mmoja mmoja, mikono mitupu, na baba alishuka akazunguka nyuma bila kuingia ndani ya nyumba. Akafungua mlango, akavuta mkanda mwekundu.

Kiti kilikataa.

Alivuta kimya kimya. Safari hii hakukitukana. Alivuta, akapumzika, akavuta, kama mtu anayechota maji. Mtu akasema sanduku halitaingia namna hii, tuazime gari kwa jirani wa chini. Baba akasema, "Hapana. Atakuja na gari lake." Kisha kwa Baba Lazaro, "Lete mtaimbo. Niking'oe."

Nikapita katikati ya miguu yao. Nikapanda, nikalala kifudifudi kwenye kiti changu, nikaingiza mkono kwenye ufa. Kijiko kiligoma, kisha kikaja na ngozi ya kiganja changu. Nilishuka nimekishika. Nakumbuka viatu vyao vyenye matope, na kimya ambacho hata ng'ombe walikiheshimu.

"Kilikuwa humo?" baba akauliza.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Kabla hajaondoka."

"Kwa nini, Nasieku?"

"Nilitaka akae."

Alikichukua. Akakigeuza, akagusa pale palipopinda. Nikamwambia mama alisema akirudi akute sita, nikirudishe na vingine?

"Hapana," akasema. "Hiki nakwenda nacho."

Akakiweka mfukoni mwa shati, akavuta mkanda, kiti kikaanguka. Taka. Akaondoka na Baba Lazaro kumleta mama, nami nikasimama nimekunja kiganja chenye damu, nikajua kitu kimoja kwa uhakika kabisa: baba anakwenda kunishtaki. Atasimama mbele ya mama na ushahidi mkononi, na mama, popote alipo, atajua ni nani aliyekizuia kiti, na ni nani aliyemdanganya kuhusu kijiko.

Siku ya mazishi nilikuwa nyuma ya masufuria, nikamsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Mgonjwa wa vile, eti alipelekwa amekaa kama anakwenda sokoni. Njia yote ile!" Mwenzake akaguna. Hapo nikaelewa upya, na safari hii nilielewa kama mtu mzima. Kiti hakikuua mtu. Niliyeua ni mimi.

Imani hiyo nilikua nayo. Nilisoma nayo, nikapata kazi nayo, nimeandika kurasa nyingi nikiizunguka. Baba na mimi tuliishi kwa adabu. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Hakuwahi kukitaja kijiko, nami nilidhani huo ndio msamaha wake: kunyamaza. Kwenye sinia vilibaki vitano. Wageni wakizidi, Koko alikoroga chai kwa mpini wa mwiko, na hakuna aliyesema ni aibu.

Pale Sakina, Elibariki alikwenda kumtafuta mwenye uwanja waandikishiane. Tulibaki wawili, tumeegemea gari upande wenye kivuli.

"Nimekiona, baba," nikasema.

Hakuuliza nini. Aligusa mfuko wa shati. "Nilidhani uko nje unakula chungwa."

"Ulimwonyesha?"

"Nani?"

"Mama. Siku ile. Ulikwenda nacho ukamwonyeshe nilichofanya."

Baba alinigeukia, na macho yake yale yasiyoona vizuri yakanitafuta usoni kidogo kabla hayajanipata. "Nilimwonyesha," akasema. "Pale chumba cha maiti. Nilikishika hivi, nikamwambia, Mama Nasieku, kijiko chako kimepatikana. Si alikuwa anakitafuta? Hata wodini alikuwa anakiulizia."

Nilitazama mfuko wake wa shati.

"Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani nilimuua. Kwa sababu hakulala."

"Hee!" Ilimtoka kama mtu aliyekanyaga moto. "Nasieku. Mama yako alikuwa na maji kifuani. Daktari aliniuliza mmemleta vipi, nikamwambia amekaa, kiti kiligoma. Akasema ashukuriwe Mungu. Mngemlaza, angezama kabla hamjafika Ngaramtoni." Akaugonga mfuko wa shati kwa kidole. "Zile siku kumi na moja tulizipata kwa kijiko hiki. Kwa nini unadhani nilikaa nacho?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Lori lilipita, mabati yakatetemeka. "Nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani uliona anavyolala, ukafanya makusudi. Miaka yote hii nawaambia watu, yule mtoto wangu ana akili kutuzidi sisi wote." Sauti yake ikapungua. "Na mimi ndiye niliyetaka kuleta godoro. Kila ulipokuja nyumbani nilikuwa naona aibu, mwanangu. Kwako."

Hatukukumbatiana, hatujui namna. Nilimshika mkono wa shati, karibu na ule mfuko, nao ulikuwa na joto.

Elibariki alirudi akirusha funguo hewani. "Mzee wangu, tumemaliza. Ngoma iko safi kabisa." Nyuma ya gari kiti kilikuwa bado kimelala kama alivyokiacha.

"Kisimamishe," baba akasema.

"Nini, mzee?"

"Kiti. Ukifika kwako fanya utakavyo, pakia karoti, pakia mawe. Hapa ondoka kikiwa kimesimama."

"Kwani kuna mtu atakaa?" Elibariki akacheka, akanitazama nimsaidie kucheka. Sikumsaidia. Basi akazunguka, akakiinua kile kiti kwa mikono miwili mpaka kikalia na kushika.

Akapanda, akaliwasha. Ndani ya gari yule mwanamke akasema maneno yake, kwa upole ule ule, hajazeeka hata siku moja.

"Marahaba," baba akasema, taratibu, mkono kwenye mlango wa nyuma, na akaufunga.